Ruta Haifufui Waya Mbovu

Kauli hii nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuimalizia kabla msemaji hajafika mwisho. Nimeisikia kwenye vikao vya zabuni, kwenye vibanda vya pampu kando ya ziwa, na juzi kwa kijana aliyerudi Kigoma kutoka mafunzoni Dar es Salaam: "Vifaa vya siriali vimezeeka. Nunua ruta yenye tundu la siriali, chomeka waya, weka laini ya simu, na ndani ya nusu saa mtambo wote uko mtandaoni." Mimi ni fundi wa umeme wa mitambo. Ruta hizo nimezifunga, nimezifungua, nimezifunga tena. Nasema kauli hiyo ni ya uongo, na gharama ya uongo huo wanailipa watu wa mwambao ambao hawajawahi kuitwa kwenye kikao chochote.

Lakini kwanza niiseme kwa haki. Mitambo mingi ya mwambao huu wa Ziwa Tanganyika inazungumza kwa siriali: mita za umeme, viendeshi vya pampu, vidhibiti vya majenereta, inveta za sola, vipimo vya kina cha tangi, mizani. Vingine vina umri wa miaka 20 na bado vinapima sawasawa, hivyo kuvitupa ni ufujaji. Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na kwa vijiji vingi vya kusini, kuelekea milima ya Mahale, boti bado ndiyo usafiri wa kutegemea. Mtu akisema anataka kusoma mita akiwa mezani kwake badala ya kukesha kwenye boti, anasema jambo la maana. Na ni kweli kwamba ruta moja ni ya bei nafuu mno ukilinganisha na kubadilisha paneli nzima. Hata mimi nataka mita hizo zisomeke kutoka mbali. Ninachokikataa ni lile neno "chomeka", ile "nusu saa", na imani iliyo nyuma ya maneno hayo, kwamba kisanduku kitafanya kazi ambayo watu hawataki kuifanya.

Kwa asiye fundi, siriali ni mawasiliano ambayo taarifa hupita alama moja baada ya nyingine kwenye waya, kama watu wanaovuka mto kwa gogo moja. Watu wa hapa wana historia na jambo hilo. Waya wa telegrafu ambao mkoloni Mwingereza Cecil Rhodes aliota utatoka Cape hadi Cairo ulipanda kutoka kusini ukafika Ujiji, na hapo ndoto ikaisha. Telegrafu ile ilipeleka nukta na mistari kwa foleni, na mita iliyopo leo ukutani kwa pampu inapeleka sifuri na moja kwa foleni vilevile. Kiwango cha siriali kiitwacho RS-232 kilizaliwa miaka ya 1960. Mwaka 1979 kampuni ya Modicon ya Marekani ikatoa Modbus, itifaki ya kuuliza na kujibu ambayo ndiyo imetapakaa viwandani hadi leo. Mwaka 1983 kikaja RS-485, jozi ya nyaya zilizosokotwa zinazoweza kufika mita 1,200 na kubeba vifaa 32 vya kawaida kwenye njia moja. Itheneti ni barabara ya aina nyingine kabisa: taarifa hukatwa vipande, kila kipande hufungwa kwenye pakiti yenye anwani, na pakiti hupita pamoja na za watu wengine.

Sasa niingie kwenye hoja zao.

Ya kwanza: "Ruta itatafsiri yenyewe"

Kuna namna mbili za kufanya kazi hii, na muuzaji mara nyingi hasemi anauza ipi. Namna ya kwanza ni lango halisi: kifaa kinachoielewa Modbus. Kinapokea swali la itheneti, kinalivua kichwa chake cha baiti 7, kinaongeza hesabu ya kukagua makosa ambayo upande wa siriali unaidai, kinauliza kwenye waya, kinasubiri jibu, kisha kinalirudisha. Namna ya pili ni bomba tupu. Kila baiti inayoingia kwenye tundu la siriali inatumbukizwa kwenye pakiti na kupelekwa upande wa pili, bila kifaa kuelewa hata neno moja. Ruta nyingi za bei nafuu zinakuja zikiwa zimewekwa kwenye namna hiyo ya pili.

Hapa ndipo ilipo tofauti inayoua mawasiliano. Modbus ya siriali, kwa aina yake iliyozoeleka, haina alama ya mwisho wa sentensi. Inajua sentensi imeisha kwa kimya: muda wa herufi tatu na nusu bila kitu chochote kwenye waya. Kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde, kimya hicho ni kama milisekunde 4. Pitisha sentensi hiyo kwenye mtandao wa simu kwa bomba tupu. Kipande cha kwanza kinafika, cha pili kinachelewa milisekunde 60 kwa sababu mnara una watu wengi, na kifaa cha upande wa pili kinasikia kimya katikati ya sentensi. Kinaitupa yote. Kwenye kompyuta ya ofisini panatokea neno moja tu, hitilafu, na mtu anaanza kulaumu mita.

Kila mtu wa Kigoma anaifahamu meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, kwenye karakana ya Meyer, ikiitwa Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipandevipande, ikatiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda reli ya kati, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Hiyo ndiyo kazi ya pakiti: kuvunja kitu, kukisafirisha kwa njia isiyo yake, na kukiunganisha upya mwisho wa safari. Sanduku la Liemba likichelewa wiki mbili Tabora, ribiti zilizotangulia Kigoma zilisubiri bila kuharibika. Sentensi ya Modbus haisubiri hata sehemu ya kumi ya sekunde. Tena Meyer hawakupeleka masanduku peke yake. Walimtuma fundi wao Anton Rüter pamoja na wenzake wawili, watu waliokuwa wanaijua meli ile bamba kwa bamba. Wanaotuambia "chomeka" wanataka masanduku yaje bila Rüter.

Na hata lango halisi halimalizi tafsiri. Modbus inabeba namba kwenye rejista za biti 16. Namba kubwa inahitaji rejista mbili, na itifaki haikuweka sheria ipi itangulie. Mita yenye usomaji wa 70,000 ikisomwa kwa mpangilio uliogeuzwa inatoa 292,552,705. Ruta haiwezi kujua ipi ni sahihi. Anayejua ni aliyefungua kitabu cha mita hiyo akakisoma ukurasa wa rejista. Vitabu vingine vinahesabu rejista kuanzia sifuri, vingine kuanzia moja, kwa hiyo unaweza kuomba ampea ukaletewa masafa ya umeme, namba nzuri ya 50 isiyokutia shaka mpaka siku mota itakapoungua.

Ya pili: "Itheneti itaongeza kasi"

Hii inakufa kwa hesabu. Itheneti ya kawaida hupitisha biti milioni 100 kwa sekunde, zaidi ya mara 10,000 ya siriali ya biti 9,600. Lakini mita iliyo mwisho wa waya bado inazungumza kwa 9,600. Swali la kusoma rejista 10 lina baiti 8, jibu lina baiti 25. Jumla ni baiti 33, kila moja biti 11 kwenye waya, yaani kama milisekunde 38. Ongeza vimya viwili, ongeza muda wa mita kufikiri, tuseme milisekunde 30, unafika milisekunde 76 hivi kwa kifaa kimoja. Vifaa 20 vinachukua sekunde moja na nusu kumaliza mzunguko, na hakuna barabara ya lami utakayoijenga nje ya gogo ili watu wavuke gogo haraka zaidi.

Ubaya unazidi kifaa kimoja kinapokufa. Ruta ikiwa imepangwa kusubiri sekunde moja na kujaribu mara tatu, kila mzunguko unasimama sekunde tatu mbele ya maiti huyo, na vifaa 19 vizima vinangoja nyuma yake. Kisha njia ikishafika mtandaoni kila mtu anaitaka. Makao makuu wanauliza, msambazaji wa pampu anauliza kwa ajili ya dhamana, skrini ya kituoni inauliza. Waya wa siriali una muulizaji mmoja tu kwa wakati mmoja. Lango zuri litawapanga foleni, na usomaji wa kila mmoja utachelewa mara tatu. Bomba tupu litawaacha wasemeshane kwa pamoja, na majibu yatagongana.

Ya tatu: "Waya uliopo unatosha"

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo nilipopoteza usiku mwingi zaidi.

Kituo kimoja, ambacho sitakitaja, kilifungiwa ruta mwezi wa kiangazi. Kazi ikapokelewa, picha zikapigwa, namba zikaonekana kwenye simu za wakubwa. Mvua za Novemba zilipoanza, namba zikaanza kupotea jioni. Ruta ikabadilishwa. Zikapotea tena. Ikabadilishwa ya pili, ikaja ya tatu ya aina nyingine yenye bei kubwa zaidi. Nilipoitwa, niliiacha ruta nikafuata waya. Mtu alikuwa amegawa njia kama matawi ya muhogo, kila kifaa na tawi lake, wakati RS-485 inataka mstari mmoja unaopita kifaa hadi kifaa. Rizista za omu 120 zinazotakiwa kwenye ncha mbili hazikuwepo, kwa hiyo kila alama ilifika mwisho ikarudi kama mwangwi. Waya haukuwa wa kusokotwa, na ulilala bega kwa bega na kebo ya mota. Kubwa kuliko yote, kibanda cha pampu na chumba cha jenereta vilikuwa na athi mbili tofauti, yaani nyaya za kupeleka umeme ardhini, bila waya wowote wa kuziunganisha. Ardhi ikilowa, tofauti ya volti kati ya athi hizo ilibadilika. RS-485 inavumilia tofauti ya volti 7 chini hadi volti 12 juu. Baada ya hapo haisikii kitu, na ikizidi sana inaungua.

Waya huo ulikuwa mbovu kwa miaka. Zamani ulifanya kazi kwa sababu ulibeba swali moja kila dakika na fundi alikuwa hapohapo. Ukishindwa, anapiga paneli kofi na kuendelea. Ruta ilipokuja ikaulazimisha kubeba maswali mfululizo mchana na usiku, na ubovu ukajitokeza. Ruta tatu zilinunuliwa ili kukwepa kununua rizista mbili na mita 60 za waya.

Kisha kuna radi. Mwaka 2016 watafiti waliotumia kumbukumbu za setilaiti ya NASA walipanga sehemu za dunia kwa wingi wa radi. Ya kwanza ilikuwa Ziwa Maracaibo kule Venezuela. Ya pili ilikuwa Kabare, Kivu Kusini, kaskazini magharibi mwetu. Tundu la itheneti lina transfoma ndogo ndani yake inayolitenga na waya wa nje. Tundu la siriali la ruta nyingi za bei nafuu halina utengano wowote. Ukivuta waya wa mita 200 kutoka ufukweni hadi kilimani na kuuingiza moja kwa moja kwenye tundu hilo, umeikaribisha radi mpaka ndani ya kisanduku, na kupitia kisanduku, mpaka kwenye kila kitu kilichounganishwa nacho. Kitenganishi na kinga ya radi lazima viwe kwenye hesabu ya mwanzo. Kwenye hati za bei nilizoziona, mara nyingi havimo.

Ya nne: "Nani atahangaika na pampu za Kigoma?"

Nikitaja usalama, hili ndilo jibu ninalopewa. Modbus haina nywila. Haina njia ya kumuuliza anayeamuru, wewe ni nani. Anayeweza kusoma rejista anaweza pia kuiandika, na kuandika rejista ndiko kuzima pampu au kupandisha mwendo wake. Kwenye waya wa siriali huo haukuwa uzembe: adui alitakiwa kuingia chumbani na bisibisi, na mlango wa chumba ndio uliokuwa ulinzi. Ukiitoa Modbus kwenye itheneti na kufungua mlango namba 502, ambao Modbus huutumia mtandaoni, kuelekea intaneti ili "iwe rahisi kusoma kutoka popote", umeung'oa mlango ule na hukuweka mwingine. Tangu 2018 kuna toleo la Modbus lenye usimbaji na vyeti, lakini mita yako ya miaka 20 hailijui.

Wavamizi hawachagui miji kwa ukubwa. Programu zao zinapita kwenye anwani zote za intaneti zikigonga milango, na haziulizi kama upande wa ndani ni Kigoma au Chicago. Novemba 2023, Aliquippa, mji mdogo wa Pennsylvania, uliingiliwa kwenye kituo chake cha kuongeza mgandamizo wa maji. Vidhibiti vya aina ile vilitoka kiwandani na nywila 1111, na vilikuwa wazi mtandaoni. Januari 2024, katikati ya baridi kali, majengo zaidi ya 600 ya Lviv nchini Ukraine yalikaa karibu siku mbili bila joto. Kampuni ya Dragos iliyochunguza ilieleza kwamba wavamizi walituma amri za kawaida kabisa za Modbus kwa vidhibiti vya joto, na kwamba huenda waliingilia kwenye ruta iliyokuwa ikitazama intaneti. Ruta na Modbus: vitu viwili vilevile tunavyoambiwa tuvichomeke.

Na kuna tukio ambalo kila anayefanya kazi hii angepaswa kulijua. Tarehe 23 Desemba 2015, wavamizi waliingia kwenye kampuni tatu za kusambaza umeme za Ukraine, wakazima vituo kwa mbali, na wateja wapatao 225,000 wakabaki gizani. Kisha wakafanya jambo la pili. Waliandika takataka juu ya programu ya ndani ya vibadilishi vya siriali kwenda itheneti vilivyokuwa vituoni, vikafa moja kwa moja. Ofisi kuu haikuweza tena kuamuru kitu. Umeme ulirudi ndani ya saa chache kwa sababu mafundi walipanda magari wakaenda kituo hadi kituo na kuwasha kwa mkono. Vituo vile vilikuwa bado na mikono ya kuwashia, na mafundi waliokumbuka jinsi ya kuitumia. Aliquippa nako maji hayakukatika, kwa sababu wafanyakazi walihamia kwenye uendeshaji wa mkono.

Ya tano: "Gharama ni ya mara moja"

Gharama ya ruta ni ya mara moja. Laini inataka bando kila mwezi, na bando likiisha Jumamosi usiku kituo kinapotea hadi aliye na mamlaka ya kulipa aingie ofisini Jumatatu. Ruta inataka umeme. Mkoa huu uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli na tunajua umeme ukikatika inakuwaje: usipoweka betri, ruta inazimika dakika ileile unayohitaji kujua kilichotokea. Wengine wanapeleka taarifa kwanza kwenye seva iliyoko Ulaya ndipo zirudi Kigoma kuonyeshwa, na wanalipia huduma hiyo kwa dola. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimika nchini na ikachukua siku kadhaa kurudi. Tangi linalopata amri ya kujazwa kutoka seva ya ng'ambo lingefanya nini siku hizo? Maji yako ziwani, pampu iko ufukweni, tangi liko kilimani, vyote ndani ya macho ya mtu mmoja, na bado tunataka pampu ipate ruhusa kutoka bara jingine.

Hapa wenye kauli ile wanajipinga wenyewe. Wanasema mitandao yetu ya mbali haiaminiki, ndiyo maana wanataka kusimamia vituo vya mbali kwa karibu. Halafu wanaukabidhi usimamizi huo kwa mtandao uleule. Kusoma kwa mbali ni sawa. Usomaji ukikatika, unakosa namba za saa mbili. Kuamuru kwa mbali kitu kinachotakiwa kutenda kila sekunde ni jambo jingine, na hakuna ruta iliyotengenezwa kwa ajili hiyo.

Ya sita, ambayo hawaisemi kwa sauti: "Hatutahitaji fundi kituoni"

Hii ndiyo shabaha yenyewe. Kwenye jedwali la faida, mstari wa juu ni kuondoa mtu kituoni. Nimeona inavyokwenda. Mzee aliyeijua pampu kwa mlio anastaafishwa. Mkandarasi anafunga ruta na kuondoka na nywila kichwani. Hakuna mchoro wa nyaya, hakuna orodha ya rejista, hakuna nakala ya mipangilio. Baada ya mwaka ruta inaungua, na kituo ambacho kilikuwa kinaendeshwa na mtu mmoja mwenye tochi sasa kinasubiri mtu kutoka Dar es Salaam. Kipya kinyemi, kingawa kidonda.

Wajerumani walipoiacha Kigoma mwaka 1916 waliizamisha Graf von Goetzen wenyewe. Kabla ya kuizamisha, wahandisi wake walizipaka mashine zake grisi nzito ili maji yasizile. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ilikaa chini ya ziwa miaka minane na bado ikafufuka, kwa sababu waliokuwa wanaondoka walifanya kazi ya saa chache kwa ajili ya watu wasiowajua. Mchoro wa nyaya ulioandikwa vizuri na kubandikwa ndani ya mlango wa paneli ndiyo grisi ya kazi yetu. Unachukua siku moja. Katika vituo vyote nilivyofungua mwaka jana, niliukuta katika kimoja tu.

Nasema haya sasa kwa sababu mambo makubwa yako njiani. Mradi wa umeme wa maji wa Malagarasi, megawati 49.5 pale Igamba, unajengwa. Gridi imefika mkoani. Miradi ya maji na sola inaongezeka. Tabia tunazozijenga leo kwenye pampu ndogo ndizo tutakazoingia nazo kwenye mitambo hiyo.

Kwa hiyo ninyi mnaoandika zabuni, andikeni waya kabla ya ruta: njia moja iliyosokotwa, rizista mbili, waya wa kuunganisha athi, kitenganishi, kinga ya radi. Andikeni lango linaloielewa Modbus, kusoma tu isipokuwa palipo na sababu iliyotajwa kwa maandishi, kupitia njia ya faragha iliyofungwa, na mlango 502 usionekane kabisa kutoka nje. Andikeni kwamba nywila, mchoro na orodha ya rejista vinakabidhiwa kituoni, kwa Kiswahili.

Na wewe unayesaini hati ya kupokea kazi: kabla hujashika kalamu, mwambie mkandarasi asimame kando. Chomoa waya wa itheneti kwa mkono wako, zima ruta, kisha mwambie fundi wa kituo, yule anayelala hapo, awashe pampu. Maji yasipopanda kilimani, usisaini.